Kani ya kitovu haifanyi kazi. Basi mota inalipia nini?

Bodaboda yenye dereva na abiria, kilo 250 zote pamoja, inaingia kipilefti cha Mnara wa Saa, Arusha mjini, kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde. Tuseme inafuata duara lenye nusukipenyo cha mita 10 na mwendokasi haubadiliki. Ili isinyooke na kuparamia ukingo, barabara lazima iyasukume matairi kuelekea katikati kwa kani ya kitovu, mv²/r (m ni tungamo, v ni mwendokasi, r ni nusukipenyo): 250 × 25 ÷ 10, nyutoni 625. Huo ni uzito wa mtu wa kilo 64, unaivuta pikipiki kwa ubavu muda wote wa mzunguko. Dereva anainama karibu nyuzi 14 kutoka wima, kwa sababu v²/rg hapo ni 0.255 (g ni mvutano wa Dunia, 9.81). Akiinama pungufu ya hapo ataangukia nje.

Mwanafunzi wa kidato cha tano akiulizwa kani hiyo imefanya kazi kiasi gani, yaani imetoa nishati kiasi gani, kwa mzunguko mmoja, mara nyingi huzidisha nyutoni 625 kwa mzingo wa mita 62.8 na kuandika jouli 39,270. Jibu sahihi ni sifuri. Ila kabla ya kuifuta hiyo 39,270, iangalie vizuri, maana inajikosoa yenyewe. Nishati mwendo ya pikipiki, ½mv², ni jouli 3,125. Gawanya: 39,270 kwa 3,125 ni 12.57, ambayo ni 4π. Haijatokea kwa bahati, kwani kani mara mzingo ni 2πmv² daima, na hiyo ni mara 4π ya ½mv², uwe na pikipiki, jiwe au mwezi. Kwa hiyo kama kuzidisha huko kungekuwa halali, mzunguko mmoja tu ungeipandisha bodaboda kutoka kilomita 18 hadi 66 kwa saa bila dereva kugusa mafuta. Vituo vyote vya mafuta vya Arusha vingefunga milango wiki hiyo hiyo.

Kazi ni kani, mara umbali, mara kosaini ya pembe iliyo kati yao. Kwenye duara, kila hatua ndogo ya mwendo iko kwenye tanjiti, na kani iko kwenye nusukipenyo. Pembe ni nyuzi 90, kosaini ni sifuri. Kani inageuza mwelekeo wa mwendo, haiongezi wala haipunguzi ukubwa wake. Hilo ndilo lote.

Hapa kuna kosa lingine ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu linaleta jibu sahihi. Mwanafunzi anaandika: "Baada ya mzunguko mmoja kitu kimerudi pale pale, uhamisho ni sifuri, kwa hiyo kazi ni sifuri." Msahihishaji mwenye haraka anampa alama. Mpe mwanafunzi huyo swali la nusu duara: uhamisho sasa ni kipenyo kizima, mita 20, lakini kazi bado ni sifuri. Robo duara, sifuri. Hatua moja, sifuri. Kurudi mahali ulipoanzia hakuhusiki kabisa.

Ukitaka kumshika vizuri, mburuzie ndoo sakafuni. Ndoo ya kilo 10 inaburuzwa kwa mwendo usiobadilika kwenye duara la nusukipenyo cha mita 2, na kigezo cha msuguano ni 0.4. Msuguano ni nyutoni 39, na siku zote unaelekea kinyume cha mwendo, yaani kwenye tanjiti. Baada ya mzunguko mmoja ndoo imerudi ilipokuwa, uhamisho ni sifuri, na msuguano umekula jouli 493. Aliyeburuza amezilipa zote kwa misuli yake. Duara ni lile lile na kurudi ni kule kule, ila kani moja imefanya kazi sifuri na nyingine karibu jouli 500. Kilichoamua ni pembe.

Kuanzia hapa, kitu chochote kinachozunguka na bado kinakula petroli au umeme kinaacha swali moja la kweli: ile pembe ya nyuzi 90 imeharibikia wapi, au ni kani gani nyingine iko kwenye tanjiti? Upepo na msuguano wa beringi ni wahalifu wa kawaida na kila mtu anawajua. Kuna wengine watatu wanaojificha ndani ya kani ya kitovu yenyewe. Hao ndio nataka kukaa nao.

Wa kwanza yuko kwenye matairi. Chukua Hiace iliyojaa abiria, kilo 2,800, inapita kipilefti kikubwa zaidi chenye nusukipenyo cha mita 15 kwa mita 7 kwa sekunde. Kani ya kitovu ni nyutoni 9,150 hivi. Tairi la mpira haliwezi kutoa kani ya ubavuni bila kujipinda. Linaelekezwa upande mmoja na linakwenda upande mwingine kidogo, na kati ya pande hizo mbili kuna pembe ndogo ya kuteleza, nyuzi 2, 3 au 4 kwa kona ya kawaida. Kani ya tairi inakaa pembemraba na tairi, haikai pembemraba na mwendo. Ukichukua nyuzi 3, sehemu ya kani inayorudisha gari nyuma ni 9,150 × 0.052, karibu nyutoni 480. Linganisha na ukinzani wa kubingirika wa Hiace hiyo kwenye lami iliyonyooka, ambao kwa kigezo cha 0.015 ni nyutoni 410. Kona peke yake imezidisha mzigo zaidi ya maradufu, na kwa mita 7 kwa sekunde injini inatoa wati 3,360 za ziada ili tu mwendo usishuke.

Kwa hiyo dereva anayesema gari huwa zito kwenye kona hakosei, na mwalimu anayesema kani ya kitovu haifanyi kazi hakosei pia. Anachokisikia dereva ni ile sehemu ya kani iliyokwisha kuacha kuwa ya kitovu. Nishati hiyo inageuka joto la mpira. Upepo ukipungua kwenye tairi, mpira unalegea ubavuni, unahitaji pembe kubwa zaidi kutoa kani ile ile, na mabega ya tairi yanalika kabla ya katikati. Pikipiki inaumia kidogo kuliko gari, kwa sababu kule kuinama kwenyewe kunazalisha sehemu ya kani ya ubavuni bila pembe kubwa ya kuteleza.

Mhalifu wa pili ni nusukipenyo kinachobadilika, na jaribio lake linafanyika popote penye uwanja. Tafuta mrija wa kalamu ya Bic uliotolewa wino, mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wenye mita 1.5, kizibo cha mpira cha gramu 20 chenye tundu, na washa za chuma (vile vipete vya bolti) za jumla ya gramu 100. Pitisha mshipi kwenye mrija, funga kizibo juu na washa chini. Vitabu vya zamani vinasema mrija wa kioo, lakini kioo kinachopasuka kiganjani hakina faida yoyote juu ya plastiki. Sugua ncha ya juu ya mrija kwa msasa laini, la sivyo ukingo wake utaukata mshipi. Chini ya mrija, sentimita 1 hivi, bana klipu ya karatasi kwenye mshipi. Hiyo ndiyo alama ya kuonyesha kwamba urefu wa juu haubadiliki. Klipu isiguse mrija. Ikigusa, mrija unabeba sehemu ya mzigo na mshipi haukazwi tena na washa peke yake, na matokeo yataharibika bila wewe kujua.

Pima sentimita 80 kutoka mdomo wa mrija hadi katikati ya kizibo. Zungusha juu ya kichwa hadi klipu itulie, kisha mwenzako ahesabu mizunguko 20 kwa saa ya simu. Aanze kwa kusema "sifuri", siyo "moja", maana anayeanza na moja hupata mizunguko 19 na hajui. Washa za gramu 100 zinakaza mshipi kwa nyutoni 0.981. Muda wa mizunguko 20 unapaswa kuwa sekunde 16 hivi, yaani sekunde 0.80 kwa mmoja.

Mshipi hauwezi kulala sawasawa na ardhi, kwa sababu lazima kitu fulani kibebe uzito wa kizibo. Kwa gramu 20 na 100, kosaini ya pembe kutoka wima ni 20 ÷ 100, kwa hiyo mshipi unaning'inia nyuzi 11.5 chini ya usawa na nusukipenyo cha kweli ni sentimita 78.4. Wanafunzi wengi huona hapo pana kosa la kusahihishwa, wanapima nusukipenyo cha kweli kwa taabu, kisha wanakiweka kwenye mlinganyo pamoja na mkazo wote wa mshipi. Wameharibu kilichokuwa sawa. Ukiandika mkazo mara saini ya pembe ni sawa na mω²r (ω ni kasi ya kuzunguka, 2π/T), na r ni urefu wa mshipi mara saini hiyo hiyo, saini zinafutana pande zote mbili. Kinachobaki ni Mg = 4π²mL/T²: M ni washa, m ni kizibo, T ni muda wa mzunguko mmoja, na L ni urefu wa mshipi wenyewe. Hakuna haja ya kupima mshipi umening'inia kiasi gani. Kwa washa za gramu 100 kosa la kuchanganya ni asilimia 2 tu, lakini ukitumia gramu 40 mshipi unashuka nyuzi 30 na kosa linafika asilimia 13.

Kizibo hapo kinakwenda mita 6.1 kwa sekunde na kina nishati mwendo ya jouli 0.38. Hewa inakikaba. Kwa hewa ya Arusha, mwinuko wa mita 1,400 hivi, mita moja ya ujazo ina kilo 1.05 kwa makadirio, na kizibo kinene cha sentimita 2 kwa 3 kinakabwa kwa nyutoni 0.012. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini kwa mzunguko mmoja ni jouli 0.06, asilimia 15 ya nishati yote ya kizibo. Mjini Moshi, chini zaidi, hewa ni nzito kidogo na hasara inaongezeka. Bila kulishwa, kizibo kinalegea ndani ya mizunguko michache.

Na kinalishwa na nini, ikiwa mshipi unavuta kuelekea katikati tu? Angalia mkono wa anayezungusha. Haujatulia. Unachora kiduara kidogo, ukitangulia kizibo kwa robo ya mzunguko, na kwa sababu hiyo mshipi hauelekei katikati ya duara kamili, unaelekea kando yake kidogo. Kufidia nyutoni 0.012 kutoka mkazo wa 0.98 inatosha mshipi upinde nyuzi 0.7, na kwa urefu huo mkono unahitaji kuchora duara la nusukipenyo cha sentimita 1. Ni kisa cha tairi kilichogeuzwa: kule pembe iliyoharibika ilinyang'anya nishati, hapa inaiingiza. Anayeubana mrija imara kwa vaisi ya mezani ataona kizibo kikianguka, na hakuna juhudi itakayokisaidia.

Sasa vuta. Shika mshipi chini ya mrija na uuvute taratibu hadi sentimita 80 ziwe 40. Kizibo kinakimbia mbele ya macho yako. Kani bado inaelekea katikati, hakuna aliyeisukuma tanjiti, kwa hiyo mvr haibadiliki: nusukipenyo kikipungua nusu, mwendokasi unaongezeka mara mbili, nishati mwendo mara nne. Kutoka jouli 0.38 hadi 1.51. Jouli 1.13 zimetoka wapi? Kwenye mkono uliovuta, kupitia kani ile ile tuliyosema haifanyi kazi. Wakati wa kuvuta, njia ya kizibo si duara tena bali ni mzunguo unaoingia ndani, mwendo una sehemu inayoelekea katikati, na pembe kati ya kani na mwendo imeshuka chini ya 90. Kazi imeanza pale tu nusukipenyo kilipoanza kufupika, na inakoma pale kinapotulia.

Mkazo wenyewe hauongezeki maradufu, unaongezeka mara 8, kwa sababu v² ni mara 4 na r ni nusu. Kizibo kwenye sentimita 40 kinahitaji karibu nyutoni 7.7, sawa na washa za gramu 785. Ndiyo maana wanaojaribu kwa kuongeza washa moja moja huona nusukipenyo hakishuki kama walivyotarajia, na wanaofunga kizibo kwa fundo la kawaida la nailoni hulazimika kukitafuta kwenye nyasi. Pitisha mshipi kwenye tundu la kizibo, funga washa ndogo upande wa nje, kisha fundo. Na msizungushe wima. Kwenye duara la wima uzito unafanya kazi, kizibo kinashuka kwa kasi na kupanda kwa kuchelewa, mkazo wa chini unazidi wa juu kwa mara 6 ya uzito wake, na hamna tena mwendo wa duara usiobadilika wa kupima.

Upande wa satelaiti kisa hiki kina kichekesho chake. Huko kani ya kitovu ni mvutano wa Dunia, na satelaiti iliyo kwenye duara kamili hailipi chochote kuzunguka. Kituo cha Kimataifa cha Anga, nusukipenyo cha kilomita 6,780 kutoka katikati ya Dunia, kinakwenda kilomita 7.67 kwa sekunde. Satelaiti ya runinga, ile ambayo dishi la juu ya paa huko Sakina linaielekea bila kusogezwa, iko kilomita 42,164 kutoka katikati hiyo hiyo na inakwenda kilomita 3.07 tu kwa sekunde. Kuihamisha kilo moja kutoka duara la kwanza hadi la pili kunahitaji kuiongezea jouli milioni 24.7. Ajabu ni kwamba inafika ikiwa imepungukiwa nishati mwendo kwa jouli milioni 24.7 zile zile, kwa sababu nishati ya mahali imepanda maradufu ya hizo. Na kinyume chake: hewa nyembamba iliyopo kule inakinyonya kituo nishati, kinashuka, na kinaposhuka kinaongeza kasi. Injini zinapowashwa kukirudisha juu, kazi yake yote ni kurudisha kilichonyonywa.

Mpanda mlima anayetoka Moshi, mita 900, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, naye anabadilisha nusukipenyo. Sote hapa tunazunguka na Dunia kwa karibu mita 464 kwa sekunde. Kule juu, ukiacha kwamba kilele kiko kaskazini kidogo, mwendo huo unaongezeka kwa mita 0.36 kwa sekunde, maana mzunguko ni ule ule wa siku moja na duara limekuwa kubwa. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni jouli 12,000 za nishati mwendo, pamoja na zile milioni 3.4 za kupanda dhidi ya uzito wake. Chakula alichokula hakiwezi kudai sifa ya hizo 12,000. Ardhi ndiyo iliyomsukuma mashariki kidogo kidogo kwa msuguano wa buti, na Dunia imepunguza mzunguko wake kwa kiasi ambacho hakuna saa itakayokipima. Akishuka, anazirudisha.

Mhalifu wa tatu ni kitovu kinachotembea, na huyu anaishi kwenye mashine za kusaga. Chukua mashine ya nyundo inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, nyundo moja ina gramu 400 na kiini chake kiko sentimita 25 kutoka katikati ya shafti. Kani ya kitovu kwenye nyundo hiyo ni 0.4 × 314² × 0.25, karibu nyutoni 9,870. Uzito wa tani moja unaning'inia kwenye pini yenye unene wa kidole, saa zote mashine inapozunguka, na hauli hata wati moja ya umeme. Watu hushindwa kuamini hili. Kani kubwa na matumizi makubwa ya nishati havina uhusiano mpaka kuwe na mwendo upande wa kani hiyo.

Lakini kutokula umeme hakumaanishi kutochosha chuma. Pini inakazwa kila mashine inapowashwa na kulegezwa kila inapozimwa, na chuma kinachokazwa na kulegezwa huanza ufa mahali palipochubuka. Nyundo ikichomoka inatoka kwenye tanjiti, siyo kwenye nusukipenyo, ikiwa na mita 78 kwa sekunde na jouli 1,230. Usisimame mbele ya ule upande ambao nyundo zinakatiza mlango wa kuingizia mahindi, hata kifuniko kikiwa kimefungwa.

Sasa badilisha nyundo moja iliyolika na uiache ya upande wa pili. Mpya inaizidi ya zamani kwa gramu 40. Tofauti hiyo tu inazalisha kani ya nyutoni 987 inayogeuka na shafti mara 50 kwa sekunde. Kama msingi ungekuwa mgumu kabisa, kani hiyo nayo isingefanya kazi. Ila msingi ni zege lililopasuka na bolti nne, mbili zimelegea, na shafti nzima inacheza. Kitovu kimeanza kutembea, na kani inayosukuma kitu kinachotembea inafanya kazi. Shafti ikicheza milimita 2 kila upande kutoka katikati, hali ikiwa mbaya kabisa, hasara kwa mzunguko ni π × 987 × 0.002, jouli 6.2, ambazo kwa mizunguko 50 ni wati 310. Kwenye mota ya kilowati 15 hutaziona kwenye bili. Utaziona kwenye beringi, kwa sababu huko na kwenye bolti ndiko zinakoishia, zote, kama joto na kutikisika. Kwa hiyo badilisha nyundo kwa jozi zinazotazamana, zipime kwa mizani ya duka ya gramu, na jozi ikitofautiana zaidi ya gramu 5 sugua iliyo nzito kwenye ncha yake.

Mashine ikizunguka tupu, umeme unaoliwa ni wa hewa, mkanda, beringi na joto la mota yenyewe. Nyundo zinapiga hewa kama feni, na hiyo ndiyo sehemu kubwa. Ukitaka kujua ni kiasi gani, usipime ampia. Mota ya kawaida huvuta ampia nyingi hata ikiwa tupu, na nyingi kati ya hizo zinakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Zima taa na kila kitu kingine, soma salio la LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla), iache mashine tupu dakika 15, soma tena. Uniti 0.4 zikiondoka ni kilowati 1.6, na kwa mizunguko 3,000 hiyo ni torki isiyozidi nyutoni-mita 5.1 inayokaba shafti bila punje moja kusagwa. Msagaji anayeacha mashine ikinguruma huku akisubiri mteja anaweza kufanya hesabu ya siku yake mwenyewe.

Njia ya pili haihitaji hata LUKU. Mashine ikiwa tupu na imefika kasi yake kamili, zima umeme na uhesabu sekunde hadi shafti isimame. Nishati iliyokuwa kwenye mzunguko ndiyo inayoliwa na ukinzani, kwa hiyo muda ukifupika ukinzani umeongezeka. Mfumo wenye kigezo cha uzito wa mzunguko cha 1.5, kwa kilo na mita za mraba, unatunza jouli 74,000, na ukisimama kwa sekunde 60 wastani wa kinachoula ni wati 1,230. Kama hukijui kigezo hicho si tatizo, linganisha muda wa leo na muda wa mwezi uliopita, mkanda ule ule, nyundo zile zile, chekeche ile ile. Nyundo zikilika muda hubadilika kidogo wenyewe, hivyo chukua kipimo kipya kila unapoweka jozi mpya. Sekunde 60 zikiwa 40, angalia kwanza mkanda uliokazwa kupita kiasi, kisha shika nyumba ya beringi kwa mkono baada ya mashine kusimama. Ukishindwa kuushikilia mkono hapo kwa sekunde chache, beringi ina shida. Na ukiijaza grisi mpaka inafurika, muda utapungua zaidi badala ya kuongezeka, kwa sababu beringi itabaki inaikoroga grisi hiyo na kuchemka. Jaza theluthi moja ya nafasi ya ndani, izungushe tupu dakika 10, kisha pima upya.